Viatu vya Tunu

Laurensia aliporudi kutoka kazini alikuta viatu vimevuliwa mlangoni. Vilikuwa viatu vya mtoto wa kike, vyeusi, vya ngozi ya kung'aa, vyenye mkanda mwembamba wa kufungia juu ya mguu, vimepangwa sambamba kama anavyoviacha mgeni mwenye adabu. Hilo lisingekuwa neno, maana nyumba yenye mtoto haikosi viatu mlangoni. Neno ni kwamba viatu hivyo alikuwa amevifungia kabatini yeye mwenyewe asubuhi ile, na ufunguo wa kabati alikuwa nao kwenye mkoba.

"Wema!" aliita kuelekea nyumba ya jirani. "Nani katoa hivi viatu?"

Binti yake alikuja mbio kutoka kwa Mama Tito, alikokuwa akishinda baada ya shule. Wema alikuwa na miaka saba, mtoto pekee wa Laurensia na Bernard, na alikuwa na mdomo wa kumtosha wakili.

"Sijavigusa mimi. Kwanza vinanibana. Kwanza ni vya bibi kizee."

"Bibi kizee gani anavaa viatu vya mtoto?"

"Sasa si na yeye alikuwa mtoto zamani?"

Laurensia alicheka, akavirudisha kabatini, akafunga. Kicheko kile ndicho cha mwisho alichocheka kwa raha katika nyumba ile.

Viatu vilikuja na sanduku. Laurensia, mtu wa Mbinga aliyeletwa Kibaha na uhamisho wa serikali, alikuwa na ugonjwa wa vitu vya kale, na Dulla, seremala wa pale Kongowe, aliujua ugonjwa huo na alikuwa akiuuguza vizuri. Dulla alizunguka vijijini na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, akinunua milango, vitanda vya kamba na masanduku ambayo vijana wa huko waliyaonea aibu, akayapiga msasa na vanishi, kisha akawauzia watu wa maofisini ambao bibi zao wako mbali. Sanduku hili la mninga alilitoa Kurui, huko Kisarawe. Chini kabisa Laurensia alikuta khanga iliyochakaa hadi maandishi yake hayasomeki, na ndani ya khanga viatu. Vilikuwa vya enzi za Uhuru, lakini soli hazijachubuka. Aliyevivaa alivivaa kwa nadra, tena kwa kuvihurumia.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado kali, Laurensia alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda akichambua maharage, mgongo ameupa mlango.

"Hodi," ilisema sauti ya mtoto.

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, Wema yuko uani."

Alijibu bila kugeuka, kama anavyojibu mama yeyote, kila siku ya Mungu, kwa mtoto wa jirani, kwa muuza karanga, kwa mwanafunzi anayeomba maji ya kunywa. Neno lile hutoka lenyewe, halimgharimu mtu kitu. Akasikia miguu ikiingia. Haikuwa na viatu. Ilikuwa mitupu, tena imelowa, chapa, chapa, chapa juu ya marumaru, na pamoja nayo ikaingia harufu ya tope la mtoni, tope la masika lenye majani yaliyooza, katika nyumba ambayo haikuwa imeonja mvua tangu mwezi uliopita.

"Mama," Wema aliuliza kutoka uani, "unaongea na nani?"

Laurensia aligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo ndogo za maji, zinatoka mlangoni na kuja moja kwa moja hadi kwenye kigoda chake, na hapo zikawa zimesimama pamoja, vidole vimeuelekea mgongo wake. Nje, viatu vilikuwa mlangoni.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na mtoto wa pili. Majini ya watu wengine huvunja vyombo, hili liliviosha. Laurensia aliacha maharage kwenye ungo akaenda kuoga, akarudi akayakuta yamechambuliwa, mawe yametengwa pembeni, na kila punje imelowa. Aliacha nguo kwenye kamba, akazikuta zimekunjwa kitandani, zinanuka mto. Kila jioni hodi, kila jioni shikamoo mama, na ingawa sasa aliuma ulimi asiitikie, sauti haikukasirika wala haikuchoka, ilikuwa sauti ya mtoto aliyeambiwa kwamba akiwa na adabu atakubaliwa, na hilo ndilo lililomfanya Laurensia ajifungie bafuni alie, kwa sababu kitu cha kutisha mtu anakikimbia, lakini kitu kinachotisha na kutia huruma kwa pamoja mtu anakikimbilia wapi?

Wakati huohuo Wema alikuwa anapungua. Ule mdomo ulinyamaza. Akawa anakaa pembeni ya kochi kama mtu anayesubiri kuambiwa asogee tena, na miguu yake ikawa baridi hata adhuhuri, baridi ya maji ya kisima. Hospitali walimpima kila kinachopimika wakasema mtoto ni mzima. Bernard, aliyekuwa Dodoma kikazi, alisema kwenye simu kwamba hiyo ni malaria imejificha. Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka, na asubuhi nyayo zilikuwa zimeongezeka.

Yote hayo Laurensia aliyavumilia hadi jioni aliyomsahau. Alitoka kazini, akapita mbele ya nyumba ya Mama Tito bila kugeuza shingo, akavikuta viatu mlangoni, akavipangusa vumbi kwa kiganja, akaingia, akapika, akapakua sahani mbili, akaketi, akawa anaongea, anaongea na kiti kitupu kinachodondosha maji, anauliza leo umeshinda salama mwanangu, na moyo wake ulikuwa umetulia tuli, hauna deni wala wasiwasi na mtu yeyote duniani, hadi magharibi ilipoadhiniwa na mlango ukagongwa, na Mama Tito akasimama pale akiwa amekishika mkono kitoto cha kike chenye sare ya shule.

"Mama Wema, leo vipi? Umemsahau mtoto."

Laurensia alikitazama kile kitoto.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza.

Mama Tito alidhani anatania, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Mama," Wema alinong'ona. "Ni mimi."

Jina lilirudi polepole, kutoka mbali. Liliporudi Laurensia alianguka magotini akamkumbatia yule mtoto wa baridi, akilia kwa sauti, na nyuma yake, mezani, kiti kilirudishwa nyuma taratibu, kama kinavyorudishwa na mtoto aliyefahamu kwamba chakula hakikuwa chake. Mama Tito alikiona kile kiti kikisogea. Alikuwa mwanamke wa kanisani, hakosi jumuiya, lakini alishusha sauti akasema, "Asubuhi tunaenda Mlandizi. Kwa Bi Sikudhani. Na mumeo usimwambie."

Bi Sikudhani alikuwa anafuga kuku wa mayai, na aliwapokea huku anawalisha, amejifunga khanga kiunoni, hana ubani wala kitabu mkononi. Alimshika Wema nyayo, akaguna. Alivitazama viatu ambavyo Laurensia alivileta kwenye mfuko, lakini hakuvigusa.

"Alipiga hodi?" aliuliza.

"Alipiga, bibi."

"Ukasema karibu. Akakuamkia?"

"Akaniamkia."

"Ukamjibuje? Nataka neno lenyewe."

Laurensia alifikiri. "Nilisema... marahaba mwanangu."

Bi Sikudhani aliweka chini kopo la pumba.

"Mtu anazaliwa na jini wake," alisema. "Mtu akifa, jini anabaki. Wa mtu mzima anajua mwenzie kafa, anakwenda zake. Wa mtoto hajui. Anabaki na utoto ule ule, na njaa ile ile ya mama. Mie nafukuza majini, dada, kazi yangu hiyo, nimefukuza makubwa yenye pembe. Lakini huyu kapiga hodi, ukamkaribisha. Kakuamkia, ukamwita mwanao. Nimfukuze kwa kosa gani?"

"Lakini bibi, ni neno tu! Tunamwambia kila mtu!"

"Wewe unamwambia kila mtu. Yeye hakuwa ameambiwa."

Mama Tito alijifuta macho kwa upindo wa gauni. Bi Sikudhani alimgeukia Wema, sauti ikalainika.

"Jini mtoto hajui kugawana mama. Hamchukii huyu wako, wala hamuoni. Anavyokusogelea tu, huyu anasukumwa nje. Kwanza utamsahau jina, kisha sura, na siku ukimsahau kabisa, mwili wake nao utaacha kujikumbuka. Mtafute aliyezaa mwenye viatu. Akiitikia yeye, wewe umeachiwa. Na usimpeleke kama mzigo. Msindikize kama mgeni."

"Na kama mama yake amekufa? Au akikataa?"

Bi Sikudhani aliokota kopo lake, akarudi kwa kuku.

Dulla alipoelezwa alikataa, kisha akamwangalia Wema, akaenda kuwasha kirikuu. Waliondoka mchana uleule: Dulla kwenye usukani, Laurensia pembeni yake amempakata Wema, viatu juu ya mapaja. Walipoiacha lami na kushika barabara ya vumbi kuelekea Kurui, Dulla alitazama chini miguuni, akarudisha macho barabarani haraka.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Gari linavuja maji kwa ndani. Na mvua hakuna."

"Endesha tu, mdogo wangu."

"Na mbona nahisi kama tumebanana?"

Mkono mdogo uliolowa ulikuwa umemshika Laurensia kidole kimoja, kidole cha mwisho, kwa namna watoto wanavyoshika wakiwa hawana uhakika kama wameruhusiwa, na Mungu amsamehe, kwa sehemu kubwa ya safari ile hakuutoa.

Nyumba ambako Dulla alilinunua sanduku ilikuwa ya bati, katikati ya mikorosho. Mwanamume wa makamo mwenye sauti kubwa, Omary, alitoka akimtambua Dulla.

"Fundi! Umerudia nini tena? Lile sanduku tulishamalizana."

"Tuna shida na mama, kaka. Na Mama Omary mwenyewe."

Mama Omary alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Jina lake Bi Mwanakheri, ajuza mwembamba, macho yake bado makali. Laurensia alimpa shikamoo, akapiga magoti na Wema mikononi, akaviweka vile viatu mbele ya mlango, sambamba. Yule bibi alivitazama, na uso wake ukawa kama ukuta uliopigwa lipu upya.

Hapo ndipo wote walipoisikia ile sauti. Dulla aliisikia akashika nguzo. Omary aliisikia akatazama huku na huku akitafuta mtoto.

"Hodi."

Kuku waliokuwa uani waliacha kuparura.

"Shikamoo mama."

"Mtoto wa nani huyo anaamkia?" Omary aliuliza. "Mama, yuko wapi huyo mtoto?"

Midomo ya Bi Mwanakheri ilifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana, nyepesi, ya haraka, ya mtu aliyelikariri jibu miaka mingi.

"Mtoto wa kaka huyo. Simjui. Mtoto wa kaka."

Chapa, ilisikika kwenye udongo. Chapa. Nyayo za maji zilikuwa zinarudi kinyumenyume kutoka barazani, moja baada ya nyingine, zinarudi kuelekea kwa Laurensia, na kila moja ilipogusa ardhi Wema alizidi kuwa mzito mikononi mwa mama yake, na Laurensia alipouinamia uso ule uliokuwa mapajani mwake alijua kwamba ni uso wa mtoto, mtoto mzuri, masikini, anaumwa, na kwamba lipo jina ambalo mtu fulani alimpa kanisani na mishumaa ikiwa inawaka, na akalitafuta lile jina ulimini, chini ya ulimi, kifuani, hakulipata, na akapiga kelele ambazo hakuwahi kujua anazo.

"Mama! Nakuomba! Siwezi kukumbuka anaitwa nani! Mwanangu anakwisha, na wako amesimama hapo amelowa, mwitikie! Mwitikie mama, mimi siwezi kumfukuza, amenichambulia maharage, siwezi!"

Omary alikuwa anauliza nini, wako nani, mama ana nini. Bi Mwanakheri hakumsikiliza. Alijiburuta kwenye mkeka hadi ukingoni mwa baraza, akanyoosha mikono yote miwili kwenye hewa tupu.

"Marahaba mwanangu," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake, ya kizee, iliyopasuka. "Marahaba Tunu. Pita ndani. Mimi ndiye mama yako. Nilisema uongo. Pita mwanangu, pita."

Kisha nyayo zikaja zinakimbia, na khanga ya yule bibi ikalowa mapajani kwa mara moja, ikalowa kifuani, ikalowa begani mahali kichwa cha mtoto kinapolala. Bi Mwanakheri alikumbatia hewa ile akayumba nayo, mbele na nyuma, akitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala wimbo.

"Mama," alisema mtoto mapajani mwa Laurensia. "Nina njaa. Kwanza hapa ni wapi?"

"Wema," Laurensia alisema. "Wema, Wema, Wema," alirudia, akimpaka jina lile usoni kwa busu hadi mtoto akalalamika.

Omary alikuwa bado amesimama. "Mama, Tunu ni nani?"

Ajuza alimjibu bila kuacha kuyumba.

"Nilimzaa nikiwa kwa baba yangu, sina mume. Wakasema ukijulikana una mtoto hutaolewa. Nikaenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, wangu nikamwacha kwetu, kwa kaka, anafundishwa kuniita shangazi. Tukiwa wawili tu ndiyo aliniita mama. Viatu nilimletea sikukuu ya Idi. Akawa havivai, anavibeba mkononi. Akiona watu wanakuja anavivaa, wakishapita anavivua. Mtoto wa kazi huyo, akisafisha mchele huoni jiwe. Waliomlea walimwambia ukiwa na adabu mama yako atakuja kukuchukua."

Alivuta upindo wa khanga, akaifunika ile hewa aliyoipakata.

"Siku baba yako alipokuja kunichukua, nimekaa kwenye jamvi na wanawake wa kwao, akaingia na viatu vyake, akaniamkia. Shikamoo mama. Mbele za watu. Wakauliza, mtoto wa nani huyu? Nikasema mtoto wa kaka. Akasema, mimi wako. Nikamwambia mimi si mama yako, nenda ukacheze. Tukaondoka na lori, mvua inanyesha. Akatufuata. Alipofika mtoni akavivua, asije akavilowesha. Walivikuta ukingoni, vimepangwa hivyohivyo."

"Na msiba?" Omary aliuliza, na sauti ile kubwa ilikuwa imepotea.

"Nilikwenda msibani kama shangazi. Shangazi analia kwa kiasi. Nikalia kwa kiasi." Alilaza shavu kwenye kitu kisichoonekana. "Sanduku nililiweka chini ya kitanda. Nikilala nashusha mkono nalishika. Ulipoliuza ukaniambia la nini mama, halina kitu, nikasema kweli, halina kitu."

Laurensia alikuwa amekwishaona miguu ya yule bibi. Ilikuwa imeanza kufifia rangi kuanzia vidoleni, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mkeka kwenda chini. Alimkumbuka Bi Sikudhani. Alisogea, akasema kwa kunong'ona, "Mama, atakuchukua. Ana baridi, hajui kwamba anachukua."

"Najua," Bi Mwanakheri alisema. "Amechelewa kubebwa. Nendeni mkamlishe huyo wenu."

Dulla alikuwa amekwishawasha gari, hakutaka kuambiwa mara mbili. Laurensia alipanda na Wema, joto la yule mtoto likimchoma mapaja, akalia kwa shukrani na kwa aibu, maana kidole chake cha mwisho kilikuwa kimekauka na alikuwa anakihisi kitupu.

Kabla gari halijaondoka alipita mama mmoja jirani, jembe begani, anatoka shamba. Aliona gari, akasimama kusalimia kama watu wanavyosalimiana.

"Mama Omary! Naona leo mna wageni!"

Bi Mwanakheri aliinua kichwa. Khanga yote ilikuwa imemgandama mwilini.

"Sio Mama Omary," alisema, kwa nguvu, ili njia nzima isikie. "Mimi ni Mama Tunu."

Yule jirani alibaki na jembe lake, haelewi. Aliyeelewa ni Omary, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Alikwenda akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, mtu mzima na ndevu zake, akautazama ule unyevu mapajani mwa mama. Kisha akajivuta pembeni, akaacha nafasi.